Mbio za Halloween: Familia inapokimbia kwa maleba, mdogo ndiye huamua mwendo

KWA Mkenya aliyelelewa akijua kwamba riadha ni kazi kama kazi nyingine, tena ya kufa na kupona, mbio za Halloween za Marekani huwa kitendawili.

Humo, baba huonekana amejitanda shuka jeupe akijifanya mzuka, mama amevaa kofia ndefu iliyochongoka ya mchawi, nao watoto wamegeuka maboga, buibui na mashujaa wa filamu za katuni. Wote hukimbia pamoja, na hakuna anayejali sana ni nani aliyetangulia kufika.

Hata hivyo, hizo si mbio za mzaha mtupu. Washiriki hujisajili na kulipa ada, hupewa nambari za kubandika kifuani, barabara hufungwa kwa muda, na mara nyingi kifaa kidogo cha kielektroniki kilichofungwa kiatuni au kubandikwa nyuma ya nambari hupima muda wa kila mmoja.

Umbali wa kawaida ni kilomita 5. Aghalabu mbio hizo huandaliwa asubuhi, katika mojawapo ya wikendi za mwisho za Oktoba, siku chache kabla ya Halloween yenyewe ambayo huwa Oktoba 31.

Suala hili linawahusu watu wa Afrika Mashariki kuliko inavyodhaniwa. Katika majimbo kama vile Minnesota, Texas, Massachusetts na Maryland kunaishi familia nyingi zenye asili ya Kenya, na watoto wao husoma katika shule ambako Oktoba haipiti bila Halloween kutajwa. Mtoto hurejea nyumbani na fomu ya usajili mkononi, naye mzazi aliyekulia Kisii, Kiambu au Eldoret hubaki akijiuliza: hii ni riadha, ni ushirikina, au ni mchezo tu wa watoto?

Asili ya sherehe

Jina Halloween limetokana na maneno ya Kiingereza cha zamani yenye maana ya mkesha wa Watakatifu Wote. Sikukuu hiyo ya Kikristo huadhimishwa Novemba 1, na Wakatoliki nchini Kenya huijua vyema kwa kuwa hufuatwa, Novemba 2, na siku ya kuwaombea marehemu wote.

Sambamba na hayo, Waselti wa Ireland, Uskoti na kisiwa cha Man walikuwa na sherehe yao iliyoitwa Samhain, ambayo iliashiria kumalizika kwa mavuno na kuanza kwa majira ya baridi. Wanahistoria wangali wanavutana kuhusu ni kiasi gani cha Halloween kilichotokana na Samhain, na ni kiasi gani kilichozaliwa kanisani.

Lisilo na ubishi ni kwamba katika karne za baadaye, vijana wa Ireland na Uskoti walikuwa wakijigeuza sura usiku huo, wakipita nyumba hadi nyumba na kupewa vyakula. Walibeba taa zilizochongwa kutoka kwa tanipu, mboga ambayo mzizi wake ni mviringo na mgumu.

Njaa kuu iliyoikumba Ireland kati ya 1845 na 1852 iliwafanya zaidi ya watu milioni moja kuihama nchi hiyo, wengi wao wakielekea Marekani. Huko walikuta maboga: makubwa kuliko tanipu, na rahisi zaidi kuchonga. Ndiyo maana boga lenye macho na meno, na mshumaa unaowaka ndani yake, limekuwa nembo ya Halloween hadi leo.

Kufikia mwanzoni mwa karne ya 20, usiku huo ulikuwa umegeuka kero katika miji mingi ya Marekani. Vijana walivunja madirisha, wakapindua vyoo vya nje na kuwafungulia mifugo ya watu.

Mji mdogo wa Anoka, ulio kaskazini mwa Minneapolis katika jimbo la Minnesota, unasimulia kuwa wakazi wake waliwahi kuamka asubuhi na kukuta ng'ombe wakirandaranda katika barabara kuu. Mnamo 1920 viongozi wa mji huo waliamua kwamba dawa ya utundu wa vijana si rungu la polisi bali shughuli ya kuwakusanya pamoja na wazazi wao. Wakaandaa gwaride la watu waliovaa maleba, na baada yake watoto wakapewa peremende na bisi.

Gwaride hilo lilisitishwa 1942 na 1943 kutokana na Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, kisha likarejea. Anoka hujiita mji mkuu wa Halloween duniani, na mbio za kilomita 5 zimekuwa miongoni mwa shughuli za msimu wake. Kwa hakika, mbio za familia ni mtoto wa gwaride lile: zinafanya kazi ile ile ya kuwaweka wakubwa kwa wadogo mahali pamoja, badala ya kuwaachia wadogo usiku peke yao.

Kukimbia kwa maleba

Hata hivyo, mtindo wa kukimbia ukiwa umevaa maleba haukuanzia kwenye Halloween.

Jijini San Francisco kuna mbio za kilomita 12 zilizoanzishwa 1912, wakati jiji hilo lilikuwa likijikwamua kutokana na tetemeko la ardhi la 1906. Mbio hizo, ambazo leo huitwa Bay to Breakers na hukimbiwa Mei, zilivutia watu takriban 110,000 mnamo 1986. Wengi wa washiriki huvaa maleba ya kila aina.

Tangu 1978 kumekuwapo pia kundi la tandu, yaani wakimbiaji 13 wanaofungwa pamoja na kukimbia kama kiumbe kimoja chenye miguu mingi. Wapo vilevile wanaovalia kama samaki aina ya samoni na kukimbia kinyume, kutoka mwisho wa njia kuelekea mwanzo, kwa maana samoni hupanda mto dhidi ya mkondo wa maji.

Wakenya wanazijua mbio hizo kwa sababu tofauti kabisa. Sammy Kitwara alizishinda 2009 kwa dakika 33 na sekunde 31, naye Lineth Chepkurui akaibuka bingwa wa wanawake 2010 kwa dakika 38 na sekunde 7. Mbele walikuwa watu waliokwenda kutafuta riziki. Nyuma yao walikuwa watu waliovaa kama ndizi. Barabara ilikuwa moja.

Uingereza nayo ina simulizi zake. Katika London Marathon ya 2002, Lloyd Scott alivaa vazi la mpiga mbizi wa bahari kuu, la chuma na raba, lenye uzani wa takriban kilo 59. Alimaliza baada ya siku tano na saa kadhaa, akiwachangishia fedha watoto wanaougua saratani ya damu. Shirika la Save the Rhino, linalofadhili ulinzi wa vifaru barani Afrika, nalo hutuma wakimbiaji waliojitwika umbo zima la kifaru, ambalo uzani wake ni takriban kilo 10.

Mwaka wa 2008, Wamaasai sita kutoka kaskazini mwa Tanzania walikimbia mbio hizo hizo za London wakiwa na shuka, ngao na viatu vya magurudumu ya gari, ili kuchangisha fedha za maji kijijini kwao. Mtazamaji asiyewajua angeweza kudhani ni maleba kama yale ya kifaru. Hayakuwa maleba, zilikuwa nguo zao. Tofauti hiyo ina uzito wake, na itarejelewa hapa chini.

Umbali na mwendo

Kosa ambalo wazazi wengi hufanya hutokea wiki kadhaa kabla ya mbio, nalo ni kuchagua umbali kwa kutazama miguu yao wenyewe.

Mtu mzima aliyezoea mazoezi humaliza kilomita 5 kwa nusu saa hivi. Akitembea tu, humchukua takriban saa moja. Mtoto wa miaka mitano au sita hana mwendo kati ya hiyo miwili. Hutimka kama mshale kwa mita 200, husimama ghafla, huinama kuokota jani, hulalamikia soksi, huomba maji, kisha hutimka tena. Ifikapo kilomita ya tatu huwa anataka kubebwa, na anayembeba huwa amevaa mabawa ya popo.

Kwa sababu hiyo, waandalizi wengi huwa na mbio ndogo za watoto, kuanzia mita mia chache hadi kilomita moja hivi. Familia yenye mtoto wa chekechea hufanya vyema kuanzia hapo. Mtoto aliyemaliza mita 400 akicheka atauliza lini watarudi. Aliyeburutwa kilomita 5 akilia atakumbuka kilio.

Wakiamua kukimbia kilomita 5 pamoja, ni heri wakubaliane mapema kwamba mwendo utawekwa na aliye mdogo zaidi. Utaratibu unaofaa ni kukimbia kwa dakika moja au mbili na kutembea kwa muda kama huo, tangu mwanzo, badala ya kungoja uchovu ndipo watembee. Iwapo baba au ndugu mkubwa anataka kushindana na saa, basi ajisajili kando akimbie peke yake, na mama abaki na wadogo, au kinyume chake. Kujaribu kufanya yote mawili kwa wakati mmoja huzua ugomvi mbele ya halaiki.

Mahali pa kusimama mwanzoni pia pana adabu yake. Wenye kasi husimama mbele, wanaotembea husimama nyuma, na vigari vya watoto hukaa nyuma kabisa. Si mbio zote zinazokubali vigari au mbwa, na nyingine huweka kikomo cha muda ambapo barabara hufunguliwa tena. Mambo hayo huandikwa katika masharti ya usajili, ambayo watu wengi hutia sahihi bila kuyasoma.

Ni vyema pia kuuliza kama njia ina vitisho. Baadhi ya waandalizi huweka viunzi vya mifupa vinavyochomoza vichakani, au huajiri vijana waliopakwa damu bandia kuwakimbiza washiriki. Kijana wa miaka 13 hufurahia. Mtoto wa miaka minne hajui kwamba ni mchezo, na hofu yake huwa ya kweli hata kama mzuka ni wa kuigiza.

Vazi linalokimbika

Vazi la Halloween linalouzwa dukani limeshonwa kwa ajili ya kutembea nyumba hadi nyumba na kupigwa picha. Kukimbia ni jambo jingine, na hapa ndipo penye mengi ya kuzingatia.

La kwanza ni macho. Kinyago huziba upande wa kulia na wa kushoto, na mtoto anapogeuka, matundu ya macho hayageuki pamoja naye. Madaktari wa watoto nchini Marekani wamekuwa wakishauri kwa miaka mingi kwamba rangi za usoni zisizo na madhara ni bora kuliko kinyago. Rangi yenyewe ijaribiwe mkononi siku moja au mbili kabla, kwa sababu ngozi nyingine huwashwa.

Kwa mkimbiaji kuna sababu ya ziada: kinyago hubana pumzi. Mtoto mwenye pumu huathiriwa kwa urahisi na hewa baridi pamoja na mazoezi, na mzazi hana budi kubeba dawa yake ya kuvuta mfukoni, si kuiacha garini.

La pili ni miguu. Pindo la vazi lisishuke chini ya kifundo cha mguu, na joho lisifike magotini. Viatu viwe vya kawaida vya kukimbilia, hata kama malkia wa hadithi hakuvaa raba. Kiatu kipya cha plastiki kilichouzwa pamoja na vazi humtoa mtoto malengelenge kabla ya kilomita ya kwanza kwisha.

La tatu ni hali ya hewa, na katika hili Marekani si nchi moja. Asubuhi ya mwisho wa Oktoba jimboni Minnesota joto linaweza kukaribia nyuzi sifuri za Selsiasi. Wakazi wa huko hawajasahau dhoruba ya Halloween ya 1991, iliyoanza Oktoba 31 na kumwaga zaidi ya sentimita 70 za theluji katika eneo la Minneapolis na St. Paul. Wazazi wa huko hununua vazi la ukubwa unaozidi mwili wa mtoto, ili koti liingie ndani yake.

Jimboni Texas au Florida, mwezi huo huo, jua laweza kuwa kali, na mtoto aliyefungwa ndani ya vazi la manyoya ya dubu hupata joto kupita kiasi haraka kuliko mtu mzima. Huko inafaa fulana yenye mchoro na kofia yenye masikio, basi.

Nambari ya mkimbiaji sharti ionekane kwa mbele, juu ya vazi na wala si ndani yake. Wahudumu huitumia kumtambua mtoto aliyepotea au mtu aliyezirai, na wazazi wengi huandika nyuma yake nambari ya simu ya mtu wa kupigiwa. Vazi la sponji au la karatasi ngumu halishiki pini. Kwa hivyo mkanda wa kiunoni hufaa zaidi.

Njia pekee ya kujua kama vazi linafaa ni kulikimbilia kabla ya siku yenyewe. Dakika 10 za kuzunguka mtaani zitaonyesha ni wapi linakwaruza kwapa, ni bawa gani linalopiga sikio na ni kofia gani inayoanguka. Panapokwaruza hupakwa mafuta mazito. Kinachoanguka huachwa nyumbani.

Familia nyingi huchagua wazo moja linalowaunganisha wote. Mzazi huwa mfuga nyuki, watoto nyuki, na kigari cha mtoto mchanga kikawa mzinga. Au mvuvi na samaki wake. Au mchungaji na kondoo, jambo ambalo lina faida yake, kwani kondoo hutarajiwa kukaa karibu na mchungaji. Maboksi, rangi na gundi hutosha. Hakuna kinachoizuia familia ya Kikenya kukivika kigari umbo la matatu, chenye jina la barabara mbele na utingo wa miaka saba akining'inia pembeni kwa maneno tu.

Vitu visivyoruhusiwa

Tangu milipuko ya mabomu katika Boston Marathon ya Aprili 2013, waandalizi wa mbio nyingi wamekaza sheria. Boston yenyewe ilipiga marufuku, kuanzia mbio za 2014, vinyago vinavyoficha uso pamoja na maleba makubwa yanayochomoza nje ya mwili. Mbio ndogo za mitaani huwa na masharti mepesi zaidi, ila nyingi hukataa vinyago kwa watu wazima na silaha za aina yoyote, hata za kuchezea.

Kuhusu bunduki za kuchezea, familia za watu Weusi nchini Marekani hazisubiri kuambiwa na waandalizi. Mnamo Novemba 2014 jijini Cleveland, Ohio, Tamir Rice, mvulana Mweusi wa miaka 12, alipigwa risasi na polisi akiwa na bunduki ya kuchezea katika uwanja wa burudani. Alifariki siku iliyofuata. Mzazi aliyehamia huko majuzi huenda asione tofauti kati ya upanga wa plastiki na bastola ya plastiki. Ipo.

Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, haiko kwenye njia ya mbio, ambayo hulindwa, bali kwenye maegesho na barabarani. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2018 katika jarida la JAMA Pediatrics, uliochunguza takwimu za miaka 42 kuanzia 1975, ulibaini kuwa uwezekano wa mtu anayetembea kwa miguu kuuawa na gari jioni ya Halloween ulikuwa asilimia 43 juu ya jioni za kawaida zilizolinganishwa nayo.

Hiyo ni mojawapo ya sababu zinazofanya mbio za asubuhi ziwe nafuu kwa watoto wadogo. Wanaokimbia jioni hushauriwa kushona au kubandika utepe unaoakisi mwanga mbele na nyuma ya vazi, na kumpa kila mtoto tochi. Vazi jeusi la mchawi halionekani na dereva hata kidogo.

Peremende nazo zina utaratibu wake. Hugawanywa mwishoni na wakati mwingine njiani, lakini mtoto anayekimbia huku akimumunya peremende ngumu anaweza kukabwa koo. Ziwekwe mfukoni hadi mwisho. Kwa watoto wanaodhurika na karanga, kumekuwapo tangu 2014 mpango wa kitaifa ambapo wenye nyumba na waandalizi huweka boga lililopakwa rangi ya kijani-samawati, ishara ya kwamba kuna zawadi zisizo za kula.

Imani na utamaduni

Swali la imani halina jibu moja, na wanaodai kwamba lina jibu moja hawajawasikiliza majirani wao.

Yapo makanisa yanayoiona Halloween kuwa mlango wa mambo ya giza na kuwakataza waumini kabisa. Mengine huandaa sherehe ya mavuno mwishoni mwa Oktoba, yakiwa na michezo na peremende lakini bila mizuka. Katika shule kadhaa za Kikatoliki watoto huvalia kama watakatifu, jambo linaloirejesha sikukuu kwenye jina lake. Familia nyingi za Kiislamu hukaa kando. Nyingine humruhusu mtoto kushiriki katika riadha bila kuvaa chochote cha kutisha.

Kinachowasaidia wazazi ni kwamba mbio zenyewe hazimlazimishi mtu kuvaa vazi la kifo. Anayevaa fulana ya kawaida hukubaliwa. Anayevaa kama twiga hushangiliwa. Mtoto anaweza kukimbia na wenzake wa shule pasipo wazazi kuvunja miiko yao, mradi waseme mapema ni lipi wanalolikataa na kwa nini, badala ya kungoja asubuhi ya mbio ndipo wamvue kofia.

Lipo pia suala la maleba yanayodhihaki watu. Mwaka wa 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ohio walieneza mabango yaliyotangaza kwamba utamaduni wa watu si maleba, wakipinga tabia ya kujipaka weusi au kujifanya Mwarabu, Mmeksiko au Mhindi Mwekundu siku ya Halloween. Ujumbe huo ulienea kote nchini.

Mtoto wa Kimarekani anayejifunga ngozi ya chui ya plastiki na mfupa puani akijiita Mwafrika humuumiza mwenzake wa darasani aliyezaliwa na wazazi kutoka Narok. Mtoto huyo wa Narok akivaa shuka na shanga za nyanya yake, ni hadithi nyingine, sawa na ile ya Wamaasai wa London. Wapo wazazi wasiopenda hata hilo. Huona kwamba siku ambayo wote wamejigeuza si siku ya kuonyesha kilicho chako. Hoja yao si nyepesi.

Gharama na matokeo

Halloween ni biashara kubwa. Chama cha wenye maduka nchini Marekani kilikadiria kuwa mwaka wa 2023 wananchi wangetumia dola bilioni 12.2 kwa maleba, peremende na mapambo. Mbio nazo huongeza gharama, kwani ada hutozwa kwa kila mtu na hupanda kadiri siku inavyokaribia. Familia ya watu watano inayojisajili wiki ya mwisho hulipa fedha ambazo zingetosha kununua viatu.

Wanaojisajili mapema hulipa kidogo zaidi, na baadhi ya waandalizi huwa na bei ya familia nzima au huwaacha watoto wadogo waingie bure. Fulana na medali si lazima; panapokuwa na usajili usio na fulana, huwa nafuu. Mara nyingi sehemu ya mapato huenda kwa shule, hospitali ya watoto au benki ya chakula ya eneo hilo, na mzazi ana haki ya kuuliza ni sehemu gani.

Mashindano ya maleba hufanyika kabla ya mbio au mara tu baada yake, kukiwa na tuzo za mtu binafsi, familia na kikundi. Yakifanyika baadaye, majaji huona vazi likiwa limepitia kilomita 5: rangi imechuruzika kwa jasho, bawa moja limebaki njiani, mzinga umepinda.

Orodha ya matokeo huwekwa kwenye tovuti alasiri hiyo au siku inayofuata. Juu kabisa huwa wanariadha wa vilabu vya mtaa waliokimbia kwa dakika 16 au 17, pengine mmoja wao akiwa na masikio ya paka. Chini sana, baada ya saa kupita, huonekana majina manne au matano ya ukoo mmoja yamefuatana, yakitofautiana kwa sekunde moja moja, na la kwanza kati yao huwa la mtoto.